Mzee Aliyeligeuzia Lango Kisogo

Wiki niliyorudisha funguo za kabati langu, vijana wa ofisini walinipa keki, shuka ambalo sijui nani aliwaambia nalihitaji, na ombi moja. Walitaka niwaandikie maneno magumu niliyokutana nayo katika kazi ya ukalimani mahakamani, kila neno na mwenzake wa lugha ya pili, wayabandike ukutani. Nimekaa na ombi hilo tangu nirudi nyumbani Rongo na nimeona halitekelezeki. Maneno yaliyonitoa jasho hayakuwa magumu. Yalikuwa maneno ya kila siku ambayo hata mtoto wa chekechea anayo. Basi nitawaandikia juu ya moja tu, kufumbia macho, na mtanivumilia nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia, maana nimechoka na sina haraka tena. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua vilivyo, na si vizuri mtu mzima kulia mbele ya watu.

Mimi ni mtoto wa Mkuria wa upande wa Kegonga na Mjaluo wa hapa Rongo. Nyumbani tuligombana kwa Kikuria, tukapatana kwa Dholuo, na shuleni tukachapwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha polisi. Sikujua kwamba huo ulikuwa ujuzi hadi miaka ya tisini ilipoanza, nilipoajiriwa kama karani mahakamani Migori na kuambiwa kwamba kazi yangu ni kusimama katikati ya watu wasioelewana na kuhakikisha wanaelewana, hata kama wangependa kubaki vile walivyo.

Siku yangu ya kwanza niliharibu mara moja. Kizimbani alikuwa mtu wa Kuria aliyeshtakiwa kwa wizi wa fahali, na alikuwa amekubali kosa bila shida. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Anasema aliiba." Hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Nani aliiba?" Nikamwonyesha mshtakiwa kwa kidole. "Huyu, Mheshimiwa." Akaweka kalamu chini akanieleza, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba mkalimani hana yeye wala wale. Mshtakiwa akisema mimi, nami niseme mimi. Nikainua sauti: "Niliiba, Mheshimiwa, na ninaomba mahakama inihurumie." Kwenye benchi za nyuma alikuwepo mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuja kwa kesi ya shamba. Alishika kifua, na Jumapili iliyofuata niliombewa kwa jina.

Tangu siku hiyo nimekiri mengi. Nimevunja maduka, nimekata watu mapanga, nimetelekeza wake na nimelewa nikiendesha trekta la miwa. Nimelia kwa niaba ya watu ambao wenyewe hawakulia. Jioni nilikuwa narudi nyumbani na kupika sima kama mtu mwingine yeyote. Ukiniuliza kazi ya mkalimani inachosha wapi, nitakwambia si mdomoni. Inachosha pale ambapo mimi ya mwenzako inakaa ndani yako usiku mzima na haikulipii kodi.

Aliyenifundisha kustahimili alikuwa Mzee Wasonga, mkalimani aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu nilipofika. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye suti moja ya kahawia iliyokuwa imeshuhudia kesi nyingi kuliko mahakimu wote niliowajua. Zana zake zilikuwa gilasi ya maji ya uvuguvugu, kitambaa cha mkononi na viatu vya raba, maana alisema mtu anayetoa siri yake hapaswi kusikia kisigino cha mtu mwingine kikigonga sakafu. Alinionyesha mahali pa kusimama: karibu na kizimba kiasi cha kusikia mtu akinong'ona, lakini si karibu kiasi cha kuonekana ndugu yake. Nilipokuwa nikipamba tafsiri, nikiongeza kaneno hapa na pale ili shahidi aonekane ana akili, aliningoja nje kwenye korido.

"Boke," aliniambia, "chakula ni cha mwenyewe. Wewe unabeba sahani tu. Ukiongeza chumvi, ni wewe umepika."

"Na kama hakina ladha, mzee?"

"Basi wakile hivyo hivyo. Hukuajiriwa jikoni."

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Miaka hiyo kufumbia macho lilikuwa kwenye kila kinywa chenye kipaza sauti. Mkuu wa tarafa akifungua baraza, serikali haitafumbia macho wizi wa mifugo. Chifu akikunja mikono ya suti yake, hatafumbia macho pombe haramu ya chang'aa. Mwalimu mkuu hatafumbia macho utoro, na askofu hatafumbia macho wanaoishi bila ndoa. Nililitafsiri kwenda Dholuo na Kikuria hadi ulimi ukaota sugu. Maana yake haina utata: ni kuona ubaya, ukajua kwamba ni ubaya, kisha ukafanya kama hukuuona. Matumizi yake ndiyo yaliyonichekesha. Kila mtu aliahidi kwamba hatafanya hivyo, au alimshutumu jirani kwamba anafanya hivyo. Sikumbuki mtu aliyelichukua likawa lake.

Wa kwanza kunifikirisha alikuwa mama mmoja pale Migori, aliyeshtakiwa pamoja na mumewe baada ya mitungi ya chang'aa kupatikana jikoni mwao. Mwendesha mashtaka alimuuliza kwa nini alimfumbia macho mumewe muda wote huo. Yule mama alijibu kwa Kikuria, taratibu, nami nikalipeleka jibu mbele: "Macho yangu yalikuwa wazi. Ni mdomo nilioufunga. Nina watoto, na nyumba ni ya kwake." Hakimu alimpa onyo akamwachilia. Nilimwambia Mzee Wasonga kwamba pengine tumekuwa tukilitafsiri neno hilo vibaya, kwamba kumbe kinachofungwa si macho. Akapangusa paji la uso kwa kile kitambaa. "Wewe beba sahani," akasema.

Alistaafu, nami katikati ya miaka ile ya tisini nikahamishiwa Homa Bay. Ofisi yangu mpya ilikuwa na dirisha la upande wa ziwa, na upepo ukivuma kutoka huko ulileta harufu ya omena iliyoanikwa, hata mafaili yakanuka samaki. Kesi pia zilikuwa za samaki: nyavu zilizokatwa, mashua zilizouzwa mara mbili, watu waliopigana juu ya sangara mmoja. Hakimu wetu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula. Aliandika Kiingereza lakini alipenda kusikiliza kwa Kiswahili, hivyo Dholuo ya mashahidi ilipita kwangu ikamfikia katika lugha ya mama yake. Mwendesha mashtaka alikuwa Inspekta Mutiso, afisa wa polisi aliyezaliwa Machakos, mwenye mkanda uliong'aa na akili iliyong'aa zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtakapofika mbele mtataka kumchukia.

Mshtakiwa aliletwa asubuhi moja ya mvua. Aliitwa Mzee Okelo, mjane mwenye boma lake karibu na ziwa, mwembamba, amevaa koti la mvua lililokuwa la mtu mnene. Alishtakiwa kwa kuweka mali ya wizi. Injini ya boti ilikuwa imeibwa ufuoni, na baada ya zaidi ya mwezi polisi waliikuta katika boma lake, imefunikwa kwa magunia ndani ya simba ya mwanawe Ouma. Kwa asiyejua, simba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujengewa karibu na lango la boma anapokuwa mkubwa. Ouma mwenyewe alikuwa ameruka ua polisi walipoingia. Hivyo wakamchukua aliyebaki.

Mwenye injini alikuwa Mama Akinyi, mwanamke wa makamo, mkwasi wa maneno, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa na mashua moja na wavuvi wanne. Tangu injini ipotee, wavuvi wake walikuwa wamekwenda kwa watu wengine, na mashua ililala kichwa chini kuku wakitagia uvunguni mwake. Alikuwa pia mkwe wa mshtakiwa, maana marehemu mumewe alikuwa mtoto wa kaka yake Mzee Okelo. Kwa hesabu ya nyumbani, mzee yule alikuwa baba yake.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mzee alikuwa nje kwa dhamana. Siku ya kuanza kusikilizwa alikuja amenyoa kichwa chote, kipara kipya, cheupe kuliko uso. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu kwetu mtu wa umri ule hanyoi hivyo kwa urembo. Hakimu alimuuliza kama yuko tayari kuendelea. Alijibu kwa sauti ya chini nami nikasema, "Mheshimiwa, nimemzika mwanangu juzi. Niko tayari." Ouma alikuwa amekamatwa na umati katika ufuo mwingine akijaribu kufungua injini ya pili. Hawakungoja polisi.

Hakimu alitoa pole. Inspekta Mutiso naye akatoa pole, na nadhani ilitoka moyoni. Lakini mashtaka hayakuondolewa. Marehemu hapandi kizimbani, injini ilikuwa imepatikana, na faili halikubali kufungwa bila jina la mtu. Sheria ya wakati huo ingeweza kumpa mzee miaka jela. Kwa jinsi alivyokuwa, alipokuwa akishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili ili asitikisike, sote tulijua kwamba miaka hiyo hangeimaliza.

Askari aliyeipata injini alitoa ushahidi kwanza. Alisema kutoka mlango wa mzee hadi mlango wa simba ni mwendo wa mtu kurusha jiwe bila kutumia nguvu. Kisha akaja Mama Akinyi. Aliitambua injini yake kwa rangi na kwa ufa kwenye kifuniko, na alikataa mkalimani. "Kiswahili najua," aliniambia, "wewe pumzika, dada yangu." Nikakaa.

Inspekta alimuuliza kama aliwahi kufika kwa mshtakiwa baada ya wizi.

"Nilienda. Nilikuwa nazunguka boma zote nikiuliza kama kuna mtu ameona injini yangu."

"Ulimpata wapi?"

"Alikuwa amekaa inje ya nyumba yake, kwa kiti."

"Amekaa namna gani?"

Mama Akinyi alisita. Nilimwona akimtazama mzee, kisha akaangalia mikono yake. "Amegeuza kiti," alisema. "Alikuwa anaangalia ukuta wa nyumba. Lango iko nyuma yake."

Benchi za nyuma zilisogea. Walikuwa watu wa kijijini kwao, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwenye boma la Kijaluo hukaa akiliangalia lango lake. Hapo ndipo anapoona nani anaingia, ng'ombe gani amerudi, mgeni gani anakuja na habari gani. Mzee aliyekaa akilipa lango lake mgongo ni jambo ambalo watu huenda kulisimulia nyumbani.

Inspekta Mutiso hakuwa Mjaluo, lakini alikuwa amefanya kazi yake. "Mheshimiwa," akasema, "simba iko langoni. Injini iko ndani ya simba. Na huyu mzee amegeuza kiti asiione simba. Mimi sijui kama kuna mfano mwingine wa kufumbia macho unaoshinda huu. Huyu hakufumba tu, aligeuza na kiti."

Watu wachache walicheka. Mzee Okelo alinitazama mimi akingoja tafsiri, nikampa yote pamoja na utani, maana ndiyo kazi. Hakucheka.

Mchana alipewa nafasi ya kujitetea. Wakili hakuwa naye. Akaapa, akakataa kukaa, na Inspekta akaanza.

"Mzee, wewe uliwahi kuingia kwa simba ya kijana yako?"

"Baba haingii simba ya mwanawe," alijibu. Nikalipeleka hivyo. Huo ni mwiko unaojulikana, na hakimu aliuandika.

"Kwa hivyo hukuona injini."

"Sikuiona."

"Na hukujua iko hapo?"

Hapa nataka mwelewe jinsi chumba kilivyokuwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Mwiko ulikuwa umemjengea njia ya kutokea, safi, ya heshima, na hakuna mtu hapo ambaye angemwita mwongo. Kitu pekee alichotakiwa kusema ni hapana. Nilijikuta nimekwisha kuliandaa hilo neno mdomoni, nikilingoja kama mtu anayengoja kupokea mtoto. Mimi, niliyefundishwa kubeba sahani tu, nilikuwa namwombea mshtakiwa kimoyomoyo aseme hapana.

Kisha akasema, nami nikasema: "Petroli haina mwiko. Inaingia nyumbani kwa mtu bila kubisha. Niliinusa tangu siku ya kwanza."

Inspekta alikaa chini. Hakuwa na haja ya swali lingine.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. "Uliza juu ya kiti," aliniambia. Nikamwambia hakimu kwamba mshtakiwa anaomba kuulizwa juu ya kiti. Hakimu akamwambia aeleze mwenyewe.

"Mimi ni baba," alisema kwa sauti yangu. "Ouma alibaki peke yake, wengine niliwazika na mama yao. Mdomo wangu ulikataa kumtaja kwa polisi. Nilijaribu, ukakataa. Lakini sikutaka jambo lile likae kwangu kimya. Kwa hiyo niligeuza kiti. Nilikaa vile kila siku, asubuhi hadi jioni, mpaka shingo ikaniuma. Nilijua mtu wa kwanza atakayeingia ataniuliza, Jaduong', mzee wangu, lango lako limekukosea nini? Na akiniuliza, nitasema. Mtu akiulizwa kwake, hasemi uongo. Walikuja wengi. Chifu mdogo alikuja, akanywa chai. Watu wa kanisa walikuja, wakaomba. Walikaa upande ule nilioangalia mimi, migongo yao ukutani, wakanizungumzia mvua. Hakuna aliyeniuliza."

Nilipomaliza sentensi hiyo niliona aibu, nami sikuwa wa kijiji kile. Hakimu aliahirisha kwa muda akaniita chumbani kwake.

"Bi Boke," alisema, "hebu nisaidie. Kwenu huku kiti kikigeuzwa namna ile, watu huwa wafahamu ni nini?"

Nilijua jibu. Lakini nililikumbuka somo la koridoni, nikasema, "Mheshimiwa, mimi sikuapishwa kama shahidi."

Alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema nina haki. Tuliporudi alimwita tena Mama Akinyi.

Safari hii hakukataa mkalimani. Alisema kwa Dholuo, na mimi yake ikawa yangu. Hakimu alimuuliza alielewa nini alipokiona kile kiti.

"Nilielewa."

"Ulielewa nini?"

"Kwamba kuna kitu langoni asichotaka kukiangalia. Na langoni kuna simba tu."

"Ulishuku kwamba ni injini yako?"

Alianza kulia, na ni vigumu kumtafsiri mtu anayelia bila kuonekana unamwigiza. "Sikushuku, nilijua. Alinikaribisha uji. Nikanywa, nikauliza hali ya kuku, nikaondoka."

"Mama, injini ni yako. Mashua yako imelala. Kwa nini hukuuliza?"

"Ni baba mkwe wangu. Ningemuuliza, ningekuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Nikasema wacha mwanamume amuulize. Kila mtu alisema wacha mwingine amuulize."

Nilikuwa na hasira naye kwa dakika kadhaa. Baadaye ikanihama ikawafuata wengine, chifu mdogo, watu wa kanisa, na wale waliokaa kwenye benchi za nyuma wakitazama viatu vyao. Kisha nikachoka na hasira pia. Nimeishi katika vijiji vya namna hiyo maisha yangu yote, na uji wa namna hiyo nimeunywa. Heshima ni kitu kizuri, lakini wakati mwingine sote tunajificha nyuma yake tukisukumana nani atoke kwanza. Huku kwetu hatuna uhaba wa macho.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma mawili hivi. Mzee alikuja na lile koti kubwa, nywele zikianza kuchomoza nyeupe. Mama Akinyi alikaa mbele, na wavuvi wawili walikuwa wamemrudia. Hakimu alisoma kwa Kiswahili ili, alivyosema, isipotee njiani. Alisema sheria inamtaka mtu awe ameishika mali au ameifaidi akijua ni ya wizi, na mshtakiwa hakuishika wala hakuifaidi. Kuhusu maneno ya upande wa mashtaka kwamba alifumbia macho, alisema mahakama haikubali. Anayefumbia macho, alisema, hutaka jambo lisionekane. Mshtakiwa alifanya alichoweza, kwa namna ambayo jamii yake yote ilimwelewa, ili jambo lionekane. Waliofumbia macho ni wengine, na hao hawamo kwenye hati ya mashtaka. Mshtakiwa aachiliwe.

Nilitafsiri kwa makini kuliko nilivyowahi kutafsiri kitu. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyeachiliwa mwenyewe, nikajua hata bila kuongeza chumvi chakula kimekuwa kitamu. Watu wa nyuma walipumua. Inspekta Mutiso alifunga faili lake, akamwinamia mzee kichwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mshtakiwa. Askari akafungua kilango cha kizimba.

Mzee Okelo hakutoka. Alibaki ameshika ukingo.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "usikae. Kuna jambo limebaki. Mwambie."

Akaniambia. Hakimu alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Akaniona uso, akarudi kitini.

"Anasema nini?"

Nikamgeukia, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Umehukumu vizuri. Lakini lile neno uliloniondolea, naomba unirudishie, ni langu. Nilifumbia macho. Kiti nilikigeuza ili mtu mwingine amtaje mwanangu, nisiwe mimi. Kama ningekwenda kwa polisi mwenyewe siku ile niliyonusa petroli, leo Ouma angekuwa jela. Na jela, Mheshimiwa, kuna siku ya kutembelewa."